Irabu ya mwanzo ya Luganda baada ya ukanushi: kazi ya sintaksia au ya fonolojia?

nakawa_isimu ameuliza:

Salaam wanajukwaa. Naandaa pendekezo la tasnifu ya uzamili kuhusu irabu ya mwanzo ya nomino za Luganda (o- ya omuntu, e- ya ekitabo, a- ya abaana) na nataka kuichambua kwa Programu ya Uminimalisti (mkondo wa Chomsky unaoeleza sarufi kwa vifaa vichache iwezekanavyo). Data ya msingi ni hii:

(1) Njagala ekitabo. (Nataka kitabu.)
(2) Saagala kitabo. (Sitaki kitabu.)
(3) Abaana tebaagala mmere. (Watoto hawataki chakula.)
(4) Tewali muntu. (Hakuna mtu.)

Kwanza, je, naweza kusema irabu inafutwa na fonolojia? Luganda inajulikana kwa kumeza irabu zinapokutana mwishoni na mwanzoni mwa maneno. Pili, kama ni sintaksia, upatanisho unakwendaje hatua kwa hatua? Nakwama hasa kwenye (3), ambako kitenzi kimekanushwa lakini kiima kimebaki na irabu yake. Tatu, lipo toleo la fonolojia linaloendana na uminimalisti, nisije nikaweka ndani ya sura moja nadharia mbili zinazovutana?

---

kirai_kikuu amejibu:

Ndugu, linganisha (1) na (2) vizuri, maana jibu la swali la kwanza limo humo. Vitenzi vyote viwili vinaishia na -gala na nomino ni ileile. Kama e- ingekuwepo katika zote mbili, mazingira ya sauti mahali pa kukutana yangekuwa yaleyale: a + e. Katika (1) a ya kitenzi inaanguka na e inabaki ikiwa ndefu, unasikia [njagaleekitabo]. Katika (2) unasikia a fupi, halafu k moja kwa moja. Kanuni ya sauti iliyopewa malighafi moja haitoi matokeo mawili. Isitoshe, kanuni ya Luganda ya kukutana kwa irabu hufuta irabu ya kwanza. Wewe ungehitaji kanuni nyingine inayofuta ya pili, tena inayoamka tu pale ambapo kitenzi kimeanza na si- au te-, silabi kadhaa nyuma. Fonolojia haina macho ya kuona ukanushi. Inaona sauti, silabi na mipaka.

Ushahidi wa pili ni mzuri zaidi na watu wengi hawautumii: ngeli ya 5. Erinnya (jina) ina r kwa sababu l ya Luganda hutamkwa r baada ya e na i, na tahajia sanifu ya 1947 inaandika hivyo. Sasa kanusha: *Saagala linnya*. L imerudi. Kama e- ingekuwepo kisha ikafutwa mwishoni, tungebaki na rinnya. Unaweza kujiokoa kwa kupanga ufutaji utangulie kanuni ya r, lakini hapo umelipia mpangilio wa kanuni ambao hauna kazi nyingine. Rahisi zaidi ni kusema e- haikuingizwa kabisa, na l haijawahi kuwa baada ya irabu ya mbele. Linganisha na olulimi (ulimi), ambapo l ni l kabla na baada ya ukanushi, kwa kuwa irabu inayotangulia ni o.

Kwa hiyo sintaksia ndiyo inayoamua irabu iwepo au isiwepo. Fonolojia inaamua iwe irabu gani: kiambishi chenye u kinaipa o (omu-, olu-, obu-, oku-), chenye a kinaipa a (aba-, ama-, aka-), chenye i kinaipa e (eki-, emi-, eri-), na ngeli za 9 na 10, ambazo kiambishi chake ni nazali tu (n au m), zinapata e. Ukigawa kazi namna hiyo, sura yako inasimama.

Swali la pili. Chukua irabu kuwa ndiyo kichwa cha kibainishi, B, kilicho juu ya nomino. Nomino isiyo na B ina sifa isiyofasirika, tuiite [uKan], ambayo lazima ikutane na [iKan], yaani sifa ya ukanushi yenye maana, kabla ya kufika kwenye kiolesura cha maana (pale sentensi inapofasiriwa), la sivyo uzalishaji unakwama. Kwa (2):

1. Unganisha -agala na kitabo[uKan]. Unapata kirai tenzi.
2. Unganisha kitenzi chepesi (kichwa kisichotamkwa kinacholeta kiima), kisha kiima kisichotamkwa cha nafsi ya kwanza kwenye nafasi ya juu ya kirai hicho.
3. Unganisha Kan, kichwa cha ukanushi, yenye [iKan]. Sasa kitabo kimo ndani ya eneo la k-amri la Kan (yaani kiko chini yake kwenye mti wa sentensi), sifa inahakikiwa.
4. Unganisha Njeo. Kiima kinapanda, viambishi vya nafsi na njeo vinapata thamani zake.
5. Unganisha C, kichwa cha kishazi kizima. Awamu, yaani kipande cha muundo kilichokamilika, inafungwa na kukabidhiwa kwa sauti na kwa maana.

Hapa pana mitego mitatu.

Wa kwanza ni awamu. Kitenzi chepesi ni kichwa cha awamu, na yambwa imo ndani ya kijalizo chake. Ukitumia sharti la kutopenyeka katika toleo la Chomsky la 2000, kijalizo kinafungwa mara tu awamu inapokamilika, na Kan haitaiona kitabo hata kidogo. Ukitumia toleo la 2001, kijalizo kinabaki wazi hadi kichwa cha awamu ya juu, yaani C, kiunganishwe. Kan iko chini ya C, kwa hiyo inaona. Andika waziwazi kwamba unatumia la 2001. Wasomaji wengi wa tasnifu hushika hapo.

Wa pili ni kiima cha (3). Wengi huandika tu kwamba abaana kiko juu ya Kan, hivyo hakiguswi. Lakini abaana kilizaliwa ndani ya kirai cha kitenzi chepesi, chini ya Kan, na kilikuwa karibu na Kan kuliko mmere! Kama uhakiki unafanyika papo hapo Kan inapounganishwa, kiima bila B kingepata leseni yake (ruhusa ya kukosa irabu) pale chini kisha kikapanda, na tungesikia *baana tebaagala mmere*. Una njia mbili za kutoka. Ama useme kiima cha kabla ya kitenzi katika Luganda ni mada iliyounganishwa juu moja kwa moja, na kilichoko chini ni kiwakilishi kisichotamkwa. Ama useme leseni inakaguliwa kwenye kiolesura cha maana, kwa nafasi ya mwisho ya nomino. Mfano wako wa (4) ndio kipimo: katika *Tewali muntu* kiima kimebaki chini, nacho hakina irabu. Kiweke kando ya *Waliwo omuntu* (kuna mtu) na hoja inajionyesha yenyewe: nafasi ya chini peke yake haiondoi irabu, ukanushi peke yake hauondoi irabu ya kiima cha juu, inahitajika k-amri.

Wa tatu, usisome urefu wa Kan kutoka kwenye mpangilio wa viambishi. Te- iko kushoto kwa kiambishi cha kiima (te-ba-agala), lakini katika kishazi rejeshi ukanushi unaingia ndani: *atalya*, asiyekula. Kiswahili kinafanya vilevile, hawataki na asiyetaka. Mpangilio huo unaamuliwa na namna kitenzi kinavyojengwa, hauthibitishi kwamba Kan iko juu ya Njeo.

Ongeza pia yambwa mbili: *Teyawa baana bitabo* (hakuwapa watoto vitabu). Nomino zote mbili zimepoteza irabu. Ukimfanya Kan kuwa kitafutaji kinachoshuka, kitakutana na baana kwanza na utalazimika kueleza kwa nini hakikusimama hapo. Ukigeuza mwelekeo, kila nomino ikatafuta juu yake kama Zeijlstra alivyopendekeza mwaka 2012, zote mbili zinakutana na Kan ileile na kizuizi hakipo. Mimi ningechagua huo bila kusita, kwa data hii.

---

silabi_na_toni amejibu:

Mwalimu kirai_kikuu amemaliza upande wa sintaksia, nami nachukua swali la tatu.

Upo mkondo wa fonolojia unaoenda sambamba na uminimalisti. Hale na Reiss, katika kitabu chao cha 2008, wanataka fonolojia iwe mfumo wa kukokotoa usiobeba ndani yake maelezo ya ulimi na sikio. Samuels, mwaka 2011, anapunguza kazi za fonolojia hadi chache mno: Tafuta, Nakili, Futa. Ukiwa unaandika sintaksia yenye Unganisha na Upatanisho peke yake, fonolojia hii haitakuvuta upande mwingine. Nadharia ya Umbo Upeo ya Prince na Smolensky (1993) inaweza kufanya kazi pia, lakini inalinganisha maumbo mengi kwa pamoja, wakati sintaksia yako inajenga hatua kwa hatua. Kuziweka pamoja kunahitaji kurasa za maelezo ambazo tasnifu ya uzamili haina nafasi nazo.

Tafuta inadai vitu vitatu, na ukisahau kimoja kanuni inazalisha takataka: mahali pa kuanzia, mwelekeo, na kitu cha kusimamia. Mfano bora wa Luganda ni Kanuni ya Ganda. Okulima (kulima) katika nafsi ya kwanza ni *nnima*, lakini okulaba (kuona) ni *ndaba*. Olulimi katika wingi ni *ennimi*, lakini makubaliano ni *endagaano*, kutoka -lagaana.

Anza kwenye l iliyotanguliwa na nazali. Bila nazali hiyo kanuni haianzi, ndiyo maana okulima ina l yake salama. Elekea kulia. Simama kwenye konsonanti ya kwanza unayokutana nayo. Ikiwa ni nazali, au kundi linaloanza na nazali, nakili unazali kwenye l: n-lima inakuwa nnima, n-longoosa (ninatengeneza) inakuwa nnongoosa. Ikiwa si nazali, hakuna cha kunakili, na l inakazwa kuwa d baada ya n: ndaba.

Kosa la kawaida liko kwenye kusimama. Mtu anaandika "tafuta nazali iliyo kulia" badala ya "tafuta konsonanti ya kwanza iliyo kulia, kisha tazama kama ni nazali". Kwa kanuni ya kwanza, endagaano ingekuwa ennagaano, maana iko n pale mwishoni. G ndiyo inayoukatiza utafutaji. Kwa hiyo endagaano lazima iwemo kwenye data yako, vinginevyo kanuni mbaya na kanuni nzuri zitaonekana sawa.

Kwa irabu ya mwanzo tumia kifaa hichohicho. Kichwa B kinapoingizwa kinakuja na irabu isiyo ya juu, isiyokamilika. Inatafuta kulia irabu ya kiambishi na kunakili umbele au umviringo wake. Kwenye ngeli za 9 na 10 kiambishi hakina irabu, na hapo lazima utafutaji usiruhusiwe kuvuka kiambishi na kuingia kwenye shina, la sivyo ente ingekuwa sawa kwa bahati tu na maneno kama endagaano yangeanza na a-. Weka mpaka wa shina kuwa ukuta, kisha e iwe chaguo la msingi.

Neno moja kuhusu toni. Usiahidi kwamba kila awamu ni kikoa kimoja cha toni. Luganda ina kanuni ya uwanda, ambapo silabi zilizo kati ya toni mbili za juu zote zinapanda, na jinsi kanuni hiyo inavyovuka au kutovuka mpaka wa neno inategemea muundo wa sentensi. Hyman, Katamba na Walusimbi walionyesha mwaka 1987 kwamba vikoa vya Luganda vinaisumbua hata dhana ya kwamba vikoa vya prosodia vinapangwa kwa tabaka safi, kimoja ndani ya kingine. Awamu mbili tu, ya kitenzi chepesi na ya C, hazitoshi kuvikata vikoa hivyo. Mada hiyo inastahili tasnifu yake.

---

mbale_sarufi amejibu:

Nina pingamizi kwa [uKan]. Irabu haikosekani kwenye ukanushi peke yake. Tazameni: *mu kibuga* (mjini), *buli muntu* (kila mtu), *Mukasa musomesa* (Mukasa ni mwalimu). Hakuna ukanushi popote hapo. Na kubwa zaidi: *Yagula bitabo*, kwa maana kwamba alichonunua ni vitabu, si kitu kingine. Kitenzi ni yakinishi, yambwa haina irabu, na maana yake ni fokasi. Hyman na Katamba waliliweka wazi hili mwaka 1993. Nomino yenye [uKan] katika sentensi hiyo ingekwamisha uzalishaji, lakini sentensi ni sahihi kabisa.

Napendekeza sifa isiwe ya ukanushi. Nomino isiyo na B ni nomino isiyojitosheleza, inayohitaji kichwa cha kuipa leseni. Kan ni kimojawapo, fokasi ni kingine, mu na ku ni vingine, buli pia. Claire Halpert amechambua Kizulu kwa mwelekeo huu katika kitabu chake cha 2015: nomino zisizo na irabu ya mwanzo zinahitaji leseni ndani ya kirai cha kitenzi, zenye irabu zinajitegemea zaidi. Luganda haifanani na Kizulu kwa kila kitu, ila swali analouliza ndilo hasa la kuuliza hapa.

Kiarifu nomino kama musomesa ningekitenga. Pale pengine hakuna B kwa sababu nomino haitumiki kama kijalizo cha kitenzi hata kidogo. Ni kiarifu chenyewe.

---

nakawa_isimu:

Asanteni sana walimu wangu. Hili la fokasi linaniletea shida ya vitendo: nikimuuliza msemaji kama *Yagula bitabo* inafaa, nitajuaje anaikubali kwa maana gani? Na je, awamu ya C naweza kuipima vipi bila kuingia kwenye toni?

---

kirai_kikuu amejibu:

Hoja ya mbale_sarufi inabadilisha jina la sifa katika hatua ya 1, na orodha ya vichwa vinavyoweza kuihakiki. Hatua nyingine zinabaki zilivyo, pamoja na mwelekeo wa nomino kutafuta juu.

Kuhusu fokasi: usimpe msemaji sentensi tupu. Sentensi bila muktadha inamwacha ajitungie muktadha wake, na nusu ya majibu yako yatakuwa ya fokasi bila wewe kujua. Tanguliza swali. *Yagula ki?* (alinunua nini?) linaleta fokasi kwenye yambwa. Swali pana la kuuliza kumetokea nini haliiweki fokasi mahali pamoja. Irabu ikikosekana hata kwa swali pana, katika sentensi yakinishi, rudi uangalie kama msemaji amelisikia swali ulivyokusudia.

Kuhusu awamu, tumia kitenzi-jina na kishazi kamili. *Njagala okugula ekitabo* (nataka kununua kitabu) ikikanushwa inakuwa *Saagala kugula kitabo*. Irabu imekosekana mara mbili: kwenye ku- yenyewe, ambayo ni nomino ya ngeli ya 15, na kwenye kitabo kilicho ndani yake. Kwa hiyo hakuna C inayofunga njia kati ya Kan na yambwa ya ndani. Sasa weka kishazi chenye *nti* (kwamba) au *oba* (kama) chini ya kitenzi kilichokanushwa: *Simanyi oba yagula…* Nadharia inatabiri kwamba Kan ya juu haifiki ndani, na yambwa ya chini itahitaji irabu yake isipokuwa iwe na fokasi. Hapo ndipo swali lako la muktadha linapokuwa la lazima, maana fokasi ya chini itatoa umbo linalofanana na leseni ya mbali.

Pima pia yambwa iliyohamishwa: *Ekitabo, sikyagala*, yenye -ki- ndani ya kitenzi. Nomino iko nje ya eneo la Kan na irabu ipo. Hii inakusaidia kutetea uchambuzi wa kiima kama mada, kwa kuwa vyote viwili vinafanya jambo moja.

Kwa hesabu ya dodoso: hali mbili (yakinishi na kanushi), nafasi sita (yambwa moja, yambwa ya pili, kiima cha chini, kiima cha juu, ndani ya kitenzi-jina, ndani ya kishazi kamili), ngeli tano. Hizo ni sentensi 60. Ongeza 60 nyingine zisizohusika, uzichanganye, ili msemaji asigundue unachotafuta. Katika ngeli hizo tano hakikisha imo ya 5, kwa ajili ya erinnya na linnya, na imo ya 9. Rekodi kila sentensi. Ukifungua sauti kwenye Praat (programu ya kompyuta ya kuchanganua sauti), pale kati ya l ya kitenzi na k ya kitabo utakuta ama e ndefu ama a fupi, na tofauti hiyo inaonekana kwa macho. Usitegemee maandishi ya msemaji peke yake: wapo wanaoandika irabu ambayo hawaitamki, kwa mazoea ya shule.

---

silabi_na_toni:

Nyongeza kwenye kurekodi. Chagua vitenzi vinavyoishia na a na nomino za o-, a- na e- kwa uwiano. Ukiwa na nomino za a- nyingi (abaana, amata), a + a itakupa a ndefu, na ubora wa irabu hautakuambia kitu. Utabaki na urefu peke yake kama kipimo. Kwa nomino hizo pima muda wa irabu ukilinganisha na irabu fupi nyingine ndani ya sentensi hiyohiyo, usilinganishe na msemaji mwingine, kwa kuwa kasi ya kusema hutofautiana. Na usiweke nomino yenye irabu mwishoni mwa mlolongo wa orodha: kituo kidogo kati ya kitenzi na nomino kinazuia irabu zisikutane, nawe utapata a fupi, kimya, kisha e fupi, umbo ambalo si la (1) wala la (2).